Meza Ndefu ya Pixar: Ubunifu Hauletwi na Viti vya Rangi

Kwa miaka 13, pale Pixar, ile studio iliyotupa Toy Story, Finding Nemo na Inside Out, kulikuwa na meza moja ndefu na nyembamba kwenye chumba kikuu cha mikutano. Ilikuwa meza poa sana. Ilichaguliwa na mbunifu ambaye kazi yake Steve Jobs aliipenda, na ukiiona kwa picha ungesema hapa ni ofisi ya watu wanajiweza.

Shida ni kwamba meza ndefu ina katikati na ina pembeni. Mwelekezi wa filamu na produsa wake walihitaji kukaa katikati ndio wasikie watu wa pande zote. Ed Catmull, rais wa kampuni, akaketi hapo katikati pia, pamoja na John Lasseter, mkuu wa ubunifu. Ili wakubwa wasikose nafasi, vikadi vya majina vikaanza kuwekwa mezani. Bila mtu yeyote kutangaza, kila mtu akaelewa: ukiwa karibu na katikati wewe ni mtu wa maana, ukiwa mwisho wa meza ama kwenye viti vya ukutani, kazi yako ni kusikiza.

Sasa sikia kitu kilichonishika. Catmull, ambaye ndiye alisimulia haya kwenye kitabu chake cha 2014, Creativity, Inc., anasema hakuwa ameona shida yoyote. Kwa nini angeona? Yeye alikuwa katikati. Kutoka kwa kiti chake, kikao kilikuwa kinaenda vizuri na kila mtu alikuwa anaongea. Ni mpaka siku moja walipokutana kwenye chumba kingine kidogo, chenye meza ya mraba, ndipo akashangaa vile mazungumzo yalikuwa yanatiririka. Wakabadilisha ile meza ndefu. Lakini unajua nini? Meza mpya ilikuja na vikadi vya majina vikarudi juu yake! Vilikaa hapo mpaka Andrew Stanton, mwelekezi wa Finding Nemo, aliingia akaanza kuvichanganya na kuvitoa mwenyewe.

Watu wengi wakisikia "kampuni ya ubunifu" wanafikiria vile viti laini kama gunia, mashine ya kahawa, ukuta umeandikwa maneno ya kutia moyo. Hapa Nairobi nimeona ofisi za aina hiyo. Ziko tu. Nilishawahi kukaa kwenye kikao cha kampuni moja ya matangazo, ukuta wa njano, kila mtu anaitwa kwa jina la kwanza hadi bosi. Mwanagenzi mmoja akauliza swali zuri sana kuhusu bango: nani ataweza kusoma maandishi madogo hivyo akiwa kwa matatu? Kimya. Bosi akacheka kidogo, wengine wakacheka baada yake, tukaendelea. Yule dada hakufungua mdomo tena siku hiyo. Kuta zilikuwa za rangi, lakini meza ilikuwa ile ile ndefu.

Kwa hivyo leo nataka tuangalie historia ya Pixar polepole, kwa sababu ndio mfano ambao kila mtu hupenda kuutaja na wengi husimulia nusu tu. Nusu ya kwanza ni tamu. Nusu ya pili ndiyo inakuhusu wewe unayetafuta kazi ya dizaini, video, animesheni ama chochote cha kutumia akili na mikono.

Turudi nyuma. Mwaka wa 1979 George Lucas, yule wa Star Wars, alimwajiri Catmull aongoze kitengo cha kompyuta kwenye kampuni yake ya Lucasfilm. Catmull alikuwa na ndoto moja tangu ujana: kutengeneza filamu nzima ya katuni kwa kompyuta. Mwaka wa 1986 Lucas akauza kitengo hicho. Mnunuzi alikuwa Steve Jobs, aliyekuwa ametoka Apple mwaka uliotangulia. Alimlipa Lucas dola milioni 5, akaweka milioni 5 nyingine ndani ya kampuni mpya, ambayo sasa ikawa Pixar.

Usidhani mambo yalinyooka. Kwa miaka mingi Pixar ilijaribu kuuza kompyuta maalum za picha na haikufua dafu. Jobs aliendelea kumwaga pesa zake. Na Jobs, tuseme ukweli, hakuwa mtu rahisi kwa kikao. Karibu mwaka wa 1990, Alvy Ray Smith, mmoja wa waanzilishi wa Pixar pamoja na Catmull, aligombana naye vibaya, na kulingana na Smith mwenyewe ilifika mahali akaandika kwenye ubao mweupe ambao Jobs alikuwa ameufanya wake peke yake. Ubao tu! Lakini wewe na mimi tunajua haikuwa kuhusu ubao. Ilikuwa kuhusu nani ana ruhusa ya kuongea. Mwaka wa 1991 Smith akaondoka.

Weka hiyo kando, kwa sababu baadaye ilikuja kuwa na maana. Kwanza twende 1993. Pixar ilikuwa inatengeneza Toy Story kwa mkataba na Disney. Mwezi wa Novemba mwaka huo walienda kuonyesha Disney kazi waliyokuwa wamefikisha. Ilikuwa mbaya. Woody, yule kauboi wetu mpole, alikuwa amegeuka mtu mkatili na mwenye madharau, kwa sababu kila maoni kutoka kwa wakubwa wa Disney yalikuwa yanasukuma hadithi iwe na makali zaidi, na Pixar ilikuwa inafuata tu. Disney ikasimamisha kazi. Hapo ndipo timu ndogo ya Pixar ilijifungia, ikaacha kutengeneza filamu ya kumfurahisha bosi, ikarudi kwenye hadithi waliyoiamini. Mapema 1994 kazi ikaruhusiwa kuendelea. Tarehe 22 Novemba 1995, Toy Story ikatoka: filamu ndefu ya kwanza duniani iliyotengenezwa yote kwa kompyuta.

Ile timu ndogo ikazaa kitu ambacho Pixar ilikiita Braintrust. Walikuwemo Lasseter, Stanton, Pete Docter, Lee Unkrich na marehemu Joe Ranft. Vile inafanya kazi ni hivi. Kila baada ya miezi kadhaa, mwelekezi analeta filamu yake ikiwa bado mbichi. Wenzake wanaitazama, halafu wanamwambia ukweli: hapa nimeboeka, hapa sielewi kwa nini msichana analia, hapa unajidanganya. Lakini kuna sheria moja inayobeba kila kitu. Braintrust haina mamlaka. Mwelekezi halazimishwi kufuata hata neno moja. Anasikiza, anaenda kufikiria, anarudi na suluhisho lake.

Unaona ujanja wa hiyo sheria? Mtu mwenye mamlaka juu yako akikukosoa, unaanza kujitetea, kwa sababu kinachoamuliwa ni kazi yako. Mtu asiyekuwa na mamlaka juu yako akikukosoa, unaweza kumsikiza. Na wanaokosoa nao ni waelekezi, watu wanaojua uchungu wa kuzaa hadithi, na kesho ni zamu yao kukaa hicho kiti cha moto.

Na Jobs je, mwenye kampuni? Hakuwa anaingia. Ilikubaliwa hivyo kabisa, kwa sababu Catmull na Lasseter waliona kwamba akiwa ndani ya chumba, watu wataongea na yeye badala ya kuongea kuhusu filamu. Kumbuka ule ubao mweupe. Kwangu mimi hiyo ndiyo kitu kikubwa zaidi Jobs alifanyia ubunifu wa Pixar baada ya kuilipia: alikaa nje ya mlango.

Baadaye, walipohamia jengo lao jipya kule Emeryville, California, mwaka wa 2000, Jobs alilipanga liwe na ukumbi mkubwa katikati ili watu wa idara tofauti wagongane njiani na kupiga stori. Alitaka hata vyoo vyote viwe hapo katikati. Wafanyakazi wakapinga, maana nani anataka kutembea safari nzima akiwa amebanwa? Akalegeza. Watu husimulia kile kisa kama somo la usanifu wa majengo. Mimi naona somo ni kwamba walimwambia bosi hapana, na wakabaki na kazi.

Sasa tufike 1998, siku ambayo Toy Story 2 ilipotea. Mtu fulani alikuwa anasafisha faili kwenye mfumo, akaendesha amri ya kufuta mahali pasipofaa. Watu wakaona kwenye skrini kofia ya Woody ikitoweka, halafu viatu vyake, halafu Woody mwenyewe. Wakapiga simu mbio wazime mashine. Walichelewa. Asilimia 90 ya filamu ilikuwa imeenda. Wakakimbilia nakala za akiba, kumbe mfumo wa akiba nao ulikuwa umeharibika na hakuna aliyejua.

Aliyewaokoa ni Galyn Susman, msimamizi wa ufundi wa filamu hiyo. Alikuwa amejifungua na alikuwa anafanyia kazi nyumbani, kwa hivyo alikuwa na kompyuta yenye nakala ya filamu. Wakaenda kwake kwa gari, wakaifunga ile kompyuta kwa mablanketi kama mtoto mchanga, wakairudisha ofisini polepole. Filamu ikapona.

Hebu jiulize, kwenye kazi yako ya mwisho, mtu angefuta asilimia 90 ya mradi ingekuwaje? Kule kwetu wangetafuta jina kwanza, faili baadaye. Pixar hawakutafuta jina. Walirekebisha mfumo wa akiba, wakapunguza urahisi wa kuendesha ile amri, basi. Hoja ya Catmull ni kwamba aliyekosea alikuwa anafanya kazi yake kwa nia njema, na ukimchinja mbele ya watu, kitu pekee ambacho wengine watajifunza ni kuficha makosa. Na makosa yaliyofichwa ndiyo huua kampuni.

Mpaka hapo unaweza kusema Pixar ni mbinguni. Ndio hapa watu wengi huishia. Mimi naendelea.

Filamu hiyo hiyo iliyookolewa, mwisho wa 1998 wakubwa waliitazama wakaona hadithi ni dhaifu. Wakaamua kuitengeneza karibu upya kwa takriban miezi 9, kwa sababu tarehe ya kutoka, Novemba 1999, haikuweza kusogezwa. Watu wakafanya kazi usiku na mchana. Ilipoisha, karibu thuluthi moja ya wafanyakazi walikuwa na majeraha ya mikono na viungo kutokana na kurudia kazi ile ile kwa kompyuta. Na asubuhi moja msanii mmoja alitoka nyumbani akiwa na mtoto wake mchanga nyuma ya gari, amlete kwa kituo cha kulelea watoto. Kwa uchovu akapitiliza hadi kazini na kumwacha garini juani. Saa kadhaa baadaye, mke wake, ambaye pia alifanya kazi hapo, alimuuliza mtoto ameshindaje. Walikimbia, wakamkuta amezimia, wakammwagia maji baridi. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini hebu fikiria. Watu wale wanaosifiwa kwa kuambiana ukweli kuhusu hadithi hawakuweza kuambiana ukweli kwamba wamechoka.

Halafu kuna Brenda Chapman. Alikuwa mmoja wa waelekezi wa The Prince of Egypt ya 1998 kabla ya kujiunga na Pixar, na akawa mwanamke wa kwanza kupewa filamu ndefu pale aielekeze. Hadithi ilikuwa yake, ameitoa kwenye maisha yake na binti yake: msichana mkaidi na mama yake malkia. Hiyo ni Brave. Mwezi wa Oktoba 2010 akaondolewa, filamu akapewa Mark Andrews. Ikatoka 2012. Mwaka wa 2013 ikashinda Oscar, na Chapman akapanda jukwaani pamoja na aliyemrithi. Ni kweli Pixar ilishawahi kuwatoa waelekezi wanaume pia. Lakini hesabu mwenyewe: filamu ndefu ya Pixar iliyoelekezwa na mwanamke peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, ya kwanza kabisa, ni Turning Red ya Domee Shi. Mwaka? 2022. Ni miaka 27 baada ya Toy Story.

Rudi sasa uangalie ile orodha ya Braintrust niliyokupa. Uliona kitu? Wote wanaume. Ile meza ilikuwa imebadilishwa kuwa ya mraba, lakini waliokaribishwa kuizunguka walikuwa wale wale. Novemba 2017, Lasseter alichukua likizo baada ya malalamiko kuhusu vile alivyokuwa akiwakumbatia na kuwagusa wafanyakazi, na mwisho wa 2018 akaondoka kabisa. Mwezi huo huo wa Novemba, waandishi Rashida Jones na Will McCormack, waliokuwa wameacha Toy Story 4, walieleza hadharani kwamba mahali pale wanawake na watu wasio weupe hawakuwa na sauti sawa kwenye ubunifu. Ukweli ulikuwa unasemwa pale Pixar, ndiyo. Ila uliruhusiwa kuhusu katuni kuliko kuhusu mkuu wa katuni.

Na pesa je? Hapa ndio utakaa chini. Mwaka wa 2010 Wizara ya Haki ya Marekani ilizishtaki kampuni kadhaa, zikiwemo Apple, Google na Pixar, kwa kukubaliana kichinichini zisipigie simu wafanyakazi wa wenzao kuwapa kazi. Elewa maana yake. Wewe ni msanii hodari, kampuni jirani inakutaka, ingekulipa zaidi. Haikupigii simu, kwa sababu bosi wako na bosi wake wameshaongea. Mshahara wako unakaa chini na hujui kwa nini. Unafikiri labda wewe si mkali vile ulidhani. Catmull mwenyewe, muungwana wa meza ya mraba, aliutetea mpango huo alipohojiwa chini ya kiapo. Wasanii wa animesheni walienda kortini, na mwaka wa 2017 Disney, ambayo ilikuwa imenunua Pixar mwaka wa 2006, ilikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi dhidi yake, Pixar na Lucasfilm.

Bado mmoja. Unamkumbuka Galyn Susman, mama mwenye kompyuta kwenye mablanketi? Juni 2023 ilijulikana kwamba Pixar imepunguza wafanyakazi 75. Susman alikuwa mmoja wao.

Sikuletei haya ili useme "kumbe wote ni wezi" halafu ulale. Ile nusu ya kwanza ni kweli, na inafanya kazi. Kukosoana bila mamlaka kunafanya kazi. Kutomchinja aliyekosea kunafanya kazi. Bosi kukaa nje ya mlango kunafanya kazi. Filamu ziko, zitazame. Mimi ningependa kufanya kazi mahali penye hizo tabia tatu kesho asubuhi.

Lakini ubunifu hauwezi kuwa salama kwenye kikao peke yake. Ukiniruhusu niseme hadithi yako ni mbaya, lakini siruhusiwi kusema nimechoka, ama bosi ananishika, ama mshahara wangu umefungwa kwa kamba nisiyoiona, basi hujanipa uhuru. Umenipa chumba kimoja cha uhuru ndani ya nyumba ya uoga. Na kwa muda mrefu, watu wenye mawazo tofauti ndio hutoka kwanza hiyo nyumba, kwa sababu wao ndio walikuwa wanakaa mwisho wa meza.

Sisi tumezoea kuambiwa "hapa ni familia." Mara nyingi unaambiwa hivyo wiki ile mshahara umechelewa. Kwa hivyo ukienda kuhojiwa kazi ya dizaini, wacha kushangaa viti. Angalia nani anaongea baada ya bosi kuongea. Uliza mtu wa mwisho kukosea pale yuko wapi sasa hivi. Uliza jina la nani linawekwa kwenye kazi ikitoka. Uliza saa za kazi zikipita zinalipwa vipi. Na kama ni wewe una timu yako ndogo, hata kama ni watu watatu kwa chumba cha kukodi Kasarani, kumbuka kwamba wewe ndiye umekaa katikati. Kutoka hapo kila kikao kitakuonekania kiko sawa. Amka, nenda ukaketi kwa kile kiti cha pembeni, halafu usikize.